Vilabu vya Mabibi wa Kiingereza katika Nchi ya Chai, na Mafunzo Yake kwa Chama Chetu



Katika mikutano ya mwaka huu jambo moja limerudiwa mara nyingi: ni nani astahiliye kuingia katika Idara ya Wanawake ya chama chetu? Wako wasemao kwamba idara ni ya wake na mabinti wa wanachama wa zamani, wala mwanamke aliyekuja juzi kwa kazi ya msimu hana haki ya kuketi barazani petu. Wako wengine wasemao kwamba ada haina kabila, na kila ailipaye ni mwanachama. Jambo hili litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu ujao. Halmashauri imeona yafaa kwanza tutazame nyuma kidogo, maana swali hili si geni katika nchi hii ya Kericho na Bomet. Liliwahi kuulizwa na wanawake waliotoka mbali sana, yaani mabibi wa Kiingereza walioishi kati ya mashamba ya chai, nao walilijibu pengine vibaya na pengine vizuri.

Huenda msomaji akauliza, sisi na vilabu vya mabibi wale wapi na wapi? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya desturi tunazozifuata mikutanoni, tangu daftari la kumbukumbu za mkutano hata sanduku la michango, ilipita mikononi mwao kabla ya kufika kwetu. Mtu arithipo nyumba yafaa ajue ni ukuta upi wenye ufa.

UMOJA ULIOKUWAPO KABLA YA VILABU

Haifai kudhani kwamba watu wa nchi hii walifundishwa kusaidiana na wageni. Wakipsigis walikuwa na kokwet, yaani ujirani wa nyumba zilizo karibu, wenye baraza lake na wazee wake. Watu wa kokwet moja walisaidiana kulima, kupalilia na kujenga, na mwenye kazi aliwakirimu wenzake siku ile. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja, bali aliwagawa kwa rafiki wa mbali, ili tauni au uvamizi usimalize mali yote kwa siku moja, na huyo rafiki akapata maziwa ya kulea watoto wake. Huo ulikuwa ustawi wa jamii kabla ya neno lenyewe kuandikwa.

Huko pwani nako wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, vyenye viongozi, vyeo, michango na mashindano. Vyama hivyo havikuwa mchezo mtupu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotafuta wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU, alianza kwa vikundi vya ngoma, maana humo alikuta watu waliokwisha zoea kutii mwito na kuchanga fedha.

Kwa hiyo mabibi wa Kiingereza hawakutuletea umoja. Walileta namna yao ya kuupanga: katiba iliyoandikwa, mwenyekiti, karani, mweka hazina, ajenda na hesabu ya mwisho wa mwaka. Namna hiyo ilikuwa na faida yake na hasara yake.

JINSI MABIBI WALIVYOFIKA

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 serikali ilipeleka askari kupigana na watu wa Sotik, na baada ya hapo ardhi ikaanza kukatwa kwa ajili ya walowezi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, eka 25,000 za nchi ya Wakipsigis karibu na Kericho ziliwekwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani. Wao wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mpango wote ukafa baada ya miaka michache tu. Chai ilikuwa imekwisha jaribiwa Limuru tangu mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni mawili makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakaja Kericho kuipanda kwa wingi. Mvua ya alasiri, inyeshayo hapa karibu kila siku, ilikuwa hasara kwa wengine. Kwa mchai ilikuwa baraka.

Wenyeji wa ardhi ile hawakuulizwa. Mwaka 1934 serikali ilitunga hata sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi kando ya ziwa, kwa kuwa iliwaogopa viongozi wao. Nalitaja hili ili msomaji akumbuke kwamba bustani za maua na viwanja vya tenisi tutakavyovisimulia vilikuwa juu ya ardhi yenye historia.

Basi makampuni yakaleta mameneja, mameneja wakaleta wake zao. Maisha ya bibi wa meneja yalikuwa na raha nyingi kuliko ya mchuma chai, hilo halina shaka; lakini yalikuwa na upweke wake. Mume alitoka alfajiri kwenda shambani na kiwandani. Watoto wakifika umri wa shule walipelekwa bweni, pengine mpaka Uingereza, na mama huwaona kwa nadra. Jirani wa lugha yake alikaa maili kadhaa, na mvua ikinyesha barabara ya udongo ilikuwa haipitiki. Nyumbani palikuwa na mpishi, yaya na mtunza bustani, hivyo hata kazi ya mikono ilikuwa haba. Mtu wa namna hiyo, asipopata mahali pa kukutana na wenzake, hudhoofika moyo.

Dawa yao ilikuwa klabu. Kericho na Sotik zilikuwa na vilabu vya Wazungu, ambamo watu walicheza, wakasoma magazeti ya kwao na kupashana habari. Mwafrika aliingia klabu akiwa amebeba sinia, wala si kwa ada. Hata kati ya wenyewe kwa wenyewe daraja zilihesabiwa: cheo cha mume kilikuwa cheo cha mke, na mke wa karani wa Kizungu alijua asikae kiti gani. Faraja ilikuwapo, lakini iligawanywa kwa kipimo.

CHAMA CHA MWAKA 1917

Kando ya vilabu vya michezo, mabibi walianzisha chama cha kazi. Mwezi wa Machi mwaka 1917 iliundwa mjini Nairobi East Africa Women's League, ambayo twaweza kuiita Chama cha Wanawake wa Afrika ya Mashariki. Rais wake wa kwanza alikuwa Bibi Isabel Ross, mke wa William McGregor Ross, Mkurugenzi wa Kazi za Serikali. Bwana huyo baadaye aliandika kitabu, Kenya from Within, kilichotoka mwaka 1927, akailaumu vikali siasa ya walowezi. Basi chama cha mabibi kilianza katika nyumba ambayo haikukubali kila jambo la serikali.

Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kura. Wanaume wa Kizungu walikuwa wakidai kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mabibi wakasema wasiachwe nyuma. Wakashinda upesi: mwaka 1919 sheria iliwapa wanawake wa Kizungu haki ya kupiga kura pamoja na wanaume wao. Katika Uingereza yenyewe, mwaka 1918 kura ilipewa wanawake wa miaka 30 na zaidi kwa masharti, na usawa kamili na wanaume ulikuja mwaka 1928. Kwa hiyo bibi wa Kericho mwenye miaka 25 alikuwa na haki ambayo dada yake wa London alikuwa hajaipata. Mwaka 1938 Lady Sidney Farrar akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mwanamke wa kwanza kuketi humo.

Twasifu bidii hiyo. Lakini tuihesabu sawasawa. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliteuliwa katika Baraza hilo mwaka 1944. Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, tena kwa masharti ya elimu, mali na mapato ambayo yaliwaacha nje wanawake walio wengi. Bibi Priscilla Abwao aliteuliwa kuingia Barazani mwaka 1961. Kura ya kila mtu mzima ilikuja na uchaguzi wa mwaka 1963. Tangu 1919 hata 1963 ni miaka 44. Wanawake waliojua vema uchungu wa kunyimwa kura walikaa miaka hiyo yote jirani na wanawake wasio na kura, wakinywa chai iliyochumwa na jamaa zao.

Chama kile, kwa maneno yake, kilikusudia ustawi wa wanawake na watoto wa mataifa yote ya nchi. Kusudi lilikuwa pana, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Mwanamke wa Kiafrika aliweza kuwa mtu wa kusaidiwa. Kuwa mwanachama wa kuamua msaada uende wapi lilikuwa jambo jingine, nalo lilichelewa sana.

SADAKA NA MACHO YAKE

Hata hivyo, tusiwe watu wa kutoa lawama bila kutoa haki. Iko kazi ya mabibi wale inayoonekana hata leo. Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alianzisha chama cha ustawi cha kusaidia akina mama na watoto wachanga. Kwa juhudi yake ilifunguliwa mwaka 1926 nyumba ya wazazi huko Pumwani, Nairobi, ikiitwa kwa jina lake. Nyumba ile ikakua, ikawa Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika Afrika ya Mashariki. Waliozaliwa humo hawahesabiki, na wengi wao wakawa wakubwa wa nchi.

Mfano mwingine ni mdogo, nao una mafunzo. Mwaka 1928 wanawake wa Kanisa la Mtakatifu Andrea la Nairobi, kanisa la Waskoti, walitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi. Kilipigwa chapa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na mapishi kwa Kiingereza, na pia maneno ya Kiswahili ya kumwagizia mpishi. Ukikitazama kitabu hicho waona jinsi kila bibi alivyotegemea mikono ya mtu mwingine. Saa aliyoipata ya kwenda kushonea wagonjwa mashuka ilikuwa saa iliyonunuliwa na kazi ya mpishi na yaya. Yaya naye alikuwa na watoto wake, nao waliachwa kwa nyanya yao.

Lakini sadaka ina macho, na macho hayo hutazama pale yalipozoea. Katika miaka ya 1930 watoto walifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Vidole vyao vyepesi vilipendwa kwa kuchuma, na mshahara wao ulikuwa mdogo. Kelele zilipofika mpaka Uingereza, serikali ya Kenya iliunda mwaka 1938 kamati ya kuchunguza kazi za watoto. Hapa ndipo twajifunza udhaifu wa klabu iliyofungwa. Vilabu vilijua kukusanya fedha kwa ajili ya kitanda cha hospitali kilicho mbali, lakini vilikuwa kimya juu ya mtoto aliyepita na kikapu chini ya dirisha la mkutano. Sidhani mabibi walikosa huruma. Walikosa kiti kimoja mezani mwao cha kukaliwa na mama wa mtoto yule. Kama angekuwapo, ajenda ya mkutano ingebadilika siku ile ile. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la Wazungu peke yao. Katika Nyanza, jimbo ambalo Kericho ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 1963, vijana waliosoma misioni walianzisha mwaka 1921 chama cha kudai haki juu ya kodi, kipande na ardhi. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Owen wa Misioni ya C.M.S. akawa rais wake, na chama kikaitwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Chini ya uongozi wake wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Mambo hayo ni mema, na Owen mwenyewe alikuwa mtu wa kuwatetea Waafrika kwa nguvu. Lakini sauti ya madai ilipungua ukali, na wengine waliona kwamba neno "ustawi" limetumika kama blanketi la kufunikia moto. Tangu siku zile kila chama chenye jina kama letu huulizwa swali hili: je, ustawi wenu ni vyoo tu, au ni haki pia?

KUTOKA ONTARIO HATA MAENDELEO YA WANAWAKE

Sasa tuje kwa habari inayotugusa karibu zaidi. Mwaka 1889, huko Kanada, Bibi Adelaide Hoodless alifiwa na mtoto mchanga. Yasemekana kifo kililetwa na maziwa machafu. Akaazimia kuwafundisha wanawake wa mashamba usafi na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1897 chama cha kwanza cha wanawake wa mashamba kikaundwa Stoney Creek, katika Ontario. Mwaka 1915 chama cha namna ile kilianzishwa Llanfairpwll, katika Wales, na vyama hivyo vikaenea Uingereza yote. Kila mwezi wanawake wa kijiji walikutana, wakasikia somo moja la manufaa, wakanywa chai, wakasoma hesabu.

Mabibi waliokuja Kenya waliijua desturi ile toka kwao. Mwaka 1952 ilianzishwa Maendeleo ya Wanawake chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, iliyoongozwa na Bwana Thomas Askwith. Viongozi wa kwanza walikuwa wanawake wa Kizungu, na walimu wengi walifunzwa katika Jeanes School, Kabete, iliyokuwapo tangu 1925. Katika sehemu nyingi za nchi wake wa maofisa, wa wamisionari na wa wakulima walijitolea kwenda vijijini kufundisha kushona, kufuma, kupika, kutunza watoto na usafi wa nyumba.

Mwaka ule ule wa 1952, mwezi wa Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa. Serikali iliona katika vilabu hivi njia ya kuwavuta wanawake wa Kikuyu mbali na Mau Mau. Kwa hiyo sindano na uzi viliingia katika siasa, wapende wasipende. Wanawake wengine walijiunga kwa kupenda elimu, wengine kwa kutafuta salama, wengine kwa sababu zote mbili. Tusiwahukumu. Mama mwenye watoto wakati wa vita hushika kamba iliyo karibu.

Jambo la kushangaza ni lile lililofuata. Chombo kilichotengenezwa na mkono mmoja kilishikwa na mkono mwingine. Wanawake wa Kiafrika waliojifunza kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu na kusema mbele ya watu hawakuhitaji tena kuongozwa. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Maendeleo ya Wanawake. Baadaye, mwaka 1979, akawa Mbunge wa Karachuonyo. Bibi Jane Kiano alikiongoza chama hicho tangu mwaka 1971 kwa muda mrefu, na sifa zake zilienea nchi nzima.

Nchi jirani zilipita njia zinazofanana na hiyo. Katika Uganda Baraza la Wanawake liliundwa mwaka 1946, nalo lilijitahidi mapema kuwaketisha pamoja Waafrika, Wahindi na Wazungu. Katika Tanganyika baraza la namna hiyo lilianza mwaka 1951, likiongozwa na Lady Twining, mke wa Gavana. Baada ya uhuru mahali pake pakachukuliwa na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962 na kuongozwa na Bibi Titi Mohamed.

Lakini kupata viongozi wetu wenyewe hakukumaliza hatari. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na KANU, chama tawala na cha pekee wakati ule. Klabu ya mama wa kijijini ikawa tawi la siasa, na uchaguzi wake ukawa uchaguzi wa wakubwa. Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwezi wa Desemba 1991, muungano ule ukavunjika, na ikabidi kujenga upya imani iliyopotea. Basi ukoloni na chama kimoja, ingawa vilikuwa maadui, vilikuwa na tabia moja: kila kimoja kilipoona wanawake wamekusanyika kilitaka kushika usukani.

MABIBI WALIPOONDOKA, NA WALIOBAKI

Mwaka 1950 ilianzishwa mjini London Women's Corona Society, jumuiya ya wake wa watumishi wa serikali katika makoloni. Kazi yake ilikuwa kumwandaa mwanamke anayekwenda ng'ambo: achukue nguo gani, ajikinge vipi na malaria, aishije na watu wa nchi ngeni. Akifika, wenzake walimpokea. Huo ni utaratibu mwema ambao sisi hatuna hata leo. Msichana aletwapo Kericho na basi kutoka Kisii, Bungoma au Homa Bay kuja kuchuma chai, ni nani amwambiaye haki zake, mahali pa zahanati, na nyumba ya kukimbilia akipatwa na shida? Aghalabu wa kwanza kumkaribisha ni yule mwenye nia ya kumdhulumu.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Wazungu wengi waliondoka. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1962, Chama cha Wanawake wa Afrika ya Mashariki kilitoa kitabu, They Made It Their Home, chenye kusimulia maisha ya walowezi wilaya kwa wilaya, kama watu waagao. Huko mashambani kazi iliendelea, na wanawake wa Kiafrika wakaongezeka katika kuchuma. Mwaka 1964 Halmashauri ya Ustawi wa Chai ya Wakulima Wadogo, K.T.D.A., ilianza kazi, na mchai ukaingia katika shamba la mtu wa kawaida. Wilaya ya Kericho ikagawanywa mwaka 1992, Bomet ikawa wilaya peke yake.

Vyama vilivyojengwa kwa ajili ya kundi moja tu vilipata taabu kundi lile lilipopungua. Vilivyofungua mlango viliendelea. Chama kile cha mwaka 1917 kilibadilika na nyakati, nacho kilitimiza miaka 100 mwaka 2017. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza katika mikono ya wachache, imekuwa mali ya wanawake wa kila kabila, na Kenya mpya iliikuta ingali hai. Hili si jambo la bahati. Chama hupata damu mpya kwa mlango wake, kama mtu apatavyo chakula kwa kinywa chake.

MASHAURI KWA MKUTANO MKUU

Kutokana na historia hii halmashauri yaleta mbele yenu mashauri manne.

La kwanza ni juu ya mlango. Katiba yetu iseme waziwazi kwamba mwanamke yeyote mwenye kazi au makazi katika eneo letu, awe wa mkataba wa kudumu au wa msimu, awe mwenyeji au mgeni, aweza kuwa mwanachama kamili mwenye kura. Kuna methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchuma chai tulikwisha mpa jembe tangu siku ya kwanza. Haiwi haki kumpa jembe na kumnyima kiti.

Wako watakaosema kwamba watu wa msimu wataondoka na kutuachia madeni. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na dawa yake ipo: mkopo utolewe kwa kiasi cha akiba na wadhamini, kwa kila mwanachama sawasawa. Kanuni ya fedha yatosha kulinda fedha. Hakuna haja ya kuifanya kanuni ya kabila.

La pili ni juu ya kiti. Mwezi wa Februari mwaka 1923 haukuandikwa popote kwa machozi ya wachuma chai wa zamani, lakini ule wa 2023 umeandikwa. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitoa uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya nchi hii, wengine wakidaiwa miili yao ili wapate kazi. Mambo haya yalijulikana katika laini za wafanyakazi kwa muda mrefu, nayo yalinong'onwa mtoni na penye mizani. Ilikuwaje hayakufika katika daftari la chama chochote? Jibu ni lile lile la mwaka 1938: wenye habari hawakuwa na kiti mezani. Twaomba Idara ya Wanawake ipewe viti vitatu katika halmashauri, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha mchuma chai wa msimu.

La tatu ni juu ya daftari. Mabibi wa Kiingereza walituachia desturi moja ambayo hatuna budi kuitunza: hesabu husomwa mbele ya wanachama wote, na karatasi za malipo huonyeshwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Idara ya Wanawake iwe na mweka hazina wake na daftari lake, likaguliwe kila baada ya miezi mitatu, wala fedha zake zisiazimwe na idara nyingine bila azimio lililoandikwa.

La nne ni juu ya kumpokea mgeni. Tuwe na akina mama wawili katika kila kambi wa kuwapokea wafanyakazi wapya, wenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ikitaja haki za mkataba, mahali pa zahanati, na mtu wa kupelekewa malalamiko kwa siri. Gharama yake ni ndogo, nayo faida yake ni kubwa. Haja hii itazidi: mashine za kuchuma chai zimepunguza ajira, na mwaka 2023 ghadhabu ya watu iliwaka hata mashine kadhaa zikachomwa moto katika Kericho. Kazi ikiwa haba, mwenye kuigawa huwa na nguvu kupita kiasi, na mwanamke mgeni ndiye wa kwanza kuonewa.

Wanachama wapendwa, mabibi wale walijua upweke wa ugenini, wakautafutia dawa, na dawa yao ikawafaa. Upungufu wao ulikuwa kudhani kwamba upweke na shida ni vya kwao peke yao, na kwamba mtu wa upande wa pili wa ua anahitaji sadaka tu wala hahitaji sauti. Leo ua ule umeshuka, lakini kuna ua mwingine, ulio kati ya mwenye mkataba na asiye nao, kati ya mzaliwa na mgeni. Mkutano Mkuu utaamua kama tuuache ukue au tuung'oe. Kila mwanachama aliyelipa ada anaombwa kuhudhuria, na kadi za kupigia kura zitatolewa mlangoni na karani wa chama, kwa wanawake na wanaume sawasawa.